Magauni Mia na Ishirini ya Rangi ya Waridi

Shangazi yangu, dada wa baba, alishona nguo kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote sikumsikia hata siku moja akimsifu mtu mzima. Watoto aliwasifu. Watu wazima aliwapima. Ukiingia dukani mwake ulihisi tepu inakuzunguka kiunoni kabla hajainua mkono, na ukitoka ulijua pale ulipopelea na pale ulipozidi. Mtaani walimwita Mkasi. Wateja waliolalamika aliwajibu kwa maneno yale yale: "Mwili ni wako, kitambaa ni chako, changu ni uzi tu. Sasa tumtafute mwenye kosa."

Alifiwa na mume mapema, akalea watoto watatu wa kaka yake, mimi nikiwa wa kati, katika vyumba viwili nyuma ya duka. Alitulea vizuri na kwa dharau. Dada yangu alipofaulu mtihani, shangazi aliisoma karatasi ya matokeo mpaka chini, akairudisha, akasema, "Hisabati umemwachia nani?" Kesho yake tukakuta gauni jipya limetundikwa mlangoni, lina mifuko miwili kama dada alivyotaka siku zote. Hakuna aliyethubutu kumshukuru.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepanda basi kwenda nchi ya watu pamoja na akina mama wa Umoja wa Moyo Mwema.

Umoja ule ulikuwa wa wake za watu. Mwenyekiti wake alikuwa mke wa mkandarasi, mama mwenye sauti ambayo shangazi aliifananisha na dawa ya kikohozi ya watoto: tamu mdomoni, baadaye unasinzia. Walikuwa na sare, kofia, katibu na mweka hazina. Walichokosa ni kazi. Ndipo mmoja wao aliposikia habari za hospitali ya wanawake ng'ambo ya mpaka, inayotibu akina mama walioumizwa na uzazi. Mkutano mmoja ulitosha kupitisha safari. Kupitisha rangi ya kofia kulihitaji mikutano minne.

Mwenyekiti alikuja dukani na robota la satini ya rangi ya waridi. Alitaka magauni mia na ishirini ya wagonjwa: lastiki kiunoni, zipu mgongoni, na jina la Umoja litariziwe kifuani.

"Hao wagonjwa wanaumwa nini?" shangazi aliuliza.

"Wanavuja, maskini. Mkojo unawatoka wenyewe. Wengine na choo."

Shangazi aliushika ule mkunjo wa satini kwa vidole viwili, kama mtu anayemwinua panya kwa mkia. "Kitambaa hiki hakinyonyi, mama. Maji yakikigusa yanateremka mpaka kwenye viatu. Na rangi hii inaonyesha hata jasho. Wape pamba, rangi iliyoiva, ya kujifunga kwa mbele. Mgonjwa wa chini ya tumbo hawekewi lastiki."

"Fundi wangu, tunataka wapendeze. Pamba inajikunja, kwenye picha haitoki vizuri."

Shangazi akaipokea satini. Alishona. Ilimchukua majuma matano, na mshono ulikuwa safi kabisa, maana hata upuuzi aliushona vizuri. Kila gauni lililokamilika alilirusha juu ya rundo bila kulitazama.

Shangazi naye akachukuliwa msafarani, kwa sababu katibu alikumbusha kwamba huenda magauni mengine yakahitaji kupunguzwa. Walisafiri kutwa nzima katika basi la kukodi. Kwa maelezo yake, akina mama waliimba mpaka mpakani, wakalalamikia vyoo vya mpakani, wakavilalamikia tena baada ya mpaka, na waliobaki na sauti wakaimba. Yeye alikaa kiti cha nyuma kabisa na maboksi ya magauni.

Hospitali yenyewe ilikuwa majengo manne ya chini, yamepakwa rangi ya buluu kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno, na katikati kuna uwanja wa saruji uliojaa kamba za nguo. Shuka, vitambaa, nguo, vyote vilikuwa vikipepea, na harufu ya sabuni ilikuwa nzito kuliko ya dawa. Wanawake waliokwisha kupasuliwa walikuwa wakitembea taratibu uwanjani, kila mmoja amebeba ndoo ndogo ya plastiki, na mpira mwembamba ukitoka chini ya nguo kuingia humo. Walibeba ndoo zile kama vile mtu anavyobeba pochi.

Muuguzi mkuu, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwapa wageni maelezo bila kuyapamba. Mwanamke akikaa na uchungu siku mbili, tatu, kichwa cha mtoto kikakwama, nyama laini za ndani zinabanwa mpaka zinakufa, na zikifa panabaki tundu. Kibofu hakizuii tena. Hiyo ndiyo fistula. Haikuletwa na uchawi, haikuletwa na zinaa, na wengi wanapona wakishonwa na mtu anayejua.

"Kushonwa," shangazi aliniambia baadaye. "Nikasema, haya, hapa kuna watu wa kazi."

Akina mama wa Umoja waliingia wodini wakiwa wameshika vitambaa vilivyonyunyiziwa manukato. Wodi ilikuwa na vitanda ishirini na nne, kila godoro limefunikwa plastiki. Mwenyekiti aliomba dua ndefu. Kisha alitoa hotuba, ndefu kuliko dua. Aliwaambia wagonjwa kwamba wao ni maua, na kwamba ua likipata maji huchanua. Neno maji lilipotoka, wagonjwa kadhaa walitazamana.

Baada ya hotuba ilitakiwa picha, na mtu wa kueleza mateso yake. Mwenyekiti alimchagua binti mmoja kitanda cha kumi na moja, kwa sababu alikuwa mdogo, mzuri wa sura, na alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi kumi na mmoja mgongoni. Hakujua alichokichagua. Wodini binti yule aliitwa Wakili. Alikuwa na miaka ishirini, na tangu afike pale hakuna muuguzi wala mpishi aliyemshinda kwa hoja.

"Binti yangu," mwenyekiti akasema, "tuambie ulivyoteseka."

"Nianzie wapi?"

"Popote penye uchungu."

"Uchungu ulikuwa wa siku tatu," Wakili akasema. "Mna muda huo?"

Katibu, aliyeshika kamera, akamwomba ainamishe kichwa kidogo, na kama machozi yapo asiyazuie.

"Nililia jana," Wakili akajibu. "Leo zamu ni ya huyu." Akamwonyesha mama wa kitanda cha jirani, na yule mama akaangua kicheko. Wodi nzima ikacheka. Kwa wanawake wa wodi ile kicheko kilikuwa na hasara yake, maana kila anayecheka analowa, lakini walicheka hata hivyo, na wageni wakasimama na tabasamu zao wasijue waziweke wapi.

Magauni yakagawiwa. Wakili alilikunjua la kwake, akalivuta lastiki, akaligeuza nyuma kuitazama zipu, akalimwagia tone la maji kutoka kikombeni. Tone likateremka mpaka sakafuni.

"Nani kashona kitu hiki?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na boksi la mwisho.

"Mimi," akasema.

"Wewe ni fundi?"

"Mwaka wa thelathini na moja huu."

"Na hujui kwamba satini hainyonyi?"

"Najua."

"Ulijua wakati unashona?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulishona?"

Shangazi alikuwa na jibu la kila mtu. Nimemsikia akimjibu hakimu, akimjibu daktari, na siku moja akimjibu mchungaji katikati ya mahubiri. Siku ile alikuwa na neno moja tu. "Niliagizwa," akasema.

"Kumbe," Wakili akasema, na hakuipandisha sauti. "Mume wangu naye aliagizwa. Mama yake alimwambia mwanamke anayenuka hakai nyumba moja na watu, akanihamishia banda la kuni. Ni mwashi, tena mwashi mzuri. Ana timazi, ana pima maji, ukuta wake haupindi hata unywele. Alijua banda lile linavuja kuliko mimi. Akanihamisha."

Shangazi aliweka boksi chini. Akaenda kitanda cha kumi na moja, akakaa ukingoni, juu ya plastiki, na plastiki ilikuwa na unyevu. Hakuna mgeni mwingine aliyekuwa amekaa popote. "Nikahisi maji yananiingia kwenye sketi," aliniambia. "Nikasema, kaa hapo hapo, mjinga wee, umekuja kuona."

"Nionyeshe unavyofunga," akamwambia binti. "Mpira unapita wapi ukishapasuliwa?"

Wakili akalisogeza gauni la waridi pembeni. Kisha akaanza kumwonyesha.

Saa sita mwenyekiti alimwita: ratiba inasema chakula cha mchana hotelini. Shangazi, akiwa amepiga magoti na pini mdomoni, alimjibu bila kugeuka, "Kuleni. Mimi sijamaliza." Jioni basi lilipotaka kuondoka kwenda kwenye nyumba ya wageni alikuwa bado hajamaliza. Asubuhi yake, msafara ulipogeuza kurudi nyumbani, alikwenda kwenye dirisha la basi kuchukua begi lake tu.

"Fundi, unatuaibisha," mwenyekiti akasema. "Watu watauliza uko wapi."

"Waambie nilibaki kupunguza magauni."

Alinipigia simu mchana. Mimi wakati ule nilikuwa karani wa shule, na yeye hakuwa na desturi ya kunipigia kazini. "Funga duka," akasema. "Wateja waambie nimesafiri. Wakilalamika, waache walalamike, wamezoea."

"Umepatwa na nini, shangazi?"

"Sijapatwa. Nimempata mtu wa kuzungumza naye."

Muuguzi mkuu alimpa kitanda katika chumba cha wauguzi wanafunzi, na ghala la nguo kama mahali pa kazi. Ndani ya ghala mlikuwa na cherehani ya miguu isiyokuwa na mkanda, na rundo la shuka za pamba zilizochakaa katikati. Mkanda aliutengeneza kwa mpira wa kufungia mizigo. Shuka alizikata pembeni, ambako pamba ilikuwa bado nzima, akashona nguo za kujifunga kwa mbele, pana, zenye kamba mbili na tundu dogo la kupitishia mpira. Kila moja aliivisha kwanza kwa Wakili, na Wakili aliikosoa.

"Kamba hii fupi."

"Fupi kwa nani? Wewe una kiuno cha nyigu."

"Kitanda cha tatu hana kiuno cha nyigu. Huyo utamfunga na nini, na dua ya mwenyekiti?"

Shangazi aliirefusha.

Kazi ya kufumua magauni ya waridi ilikuwa ya Wakili. Alikaa chini na wembe, mtoto akitambaa katikati ya vitambaa, akakata uzi mmoja baada ya mwingine. Walihangaika satini ile waifanyie nini, mpaka Wakili akasema wanawake wanapochunguzwa wodi nzima inaona, basi satini iwe mapazia. Wakashona mapazia. Ndivyo jina la Umoja wa Moyo Mwema lilivyokuja kuning'inia kati ya kitanda na kitanda, limepinduka juu chini, kwa sababu Wakili alisisitiza liwe hivyo na shangazi hakuona sababu ya kubishana.

Katika kufumua huko ndipo shangazi alipopata habari zote za binti. Uchungu ulimwanza Wakili siku ya Jumatano. Mama mkwe, aliyezaa watoto saba juu ya mkeka na hakuchoka kulitaja hilo, alisema hospitali ni ya wavivu. Ijumaa ndipo jirani mmoja aliyekuwa na pikipiki alipomchukua bila kuomba ruhusa ya mtu. Alipasuliwa, mtoto akatoka mzima, jambo ambalo wauguzi walisema halitokei kwa wengi. Baada ya siku nne akaanza kulowa. Miezi tisa aliishi banda la kuni na mwanawe. Mume alikuwa akimletea chakula mlangoni, anakiweka chini, anakohoa, anaondoka.

"Anakohoa?" shangazi akauliza.

"Ili nijue kimefika."

"Hata mbwa huitwa kwa jina."

"Hayo ndiyo niliyomwambia. Siku ya pili akaniita kwa jina, kisha akakohoa."

Habari za hospitali alizisikia redioni, redio ya jirani, kupitia ukuta. Alivuka mipaka ya wilaya mbili juu ya lori la mkaa, kwa hiari yake, akamwambia dereva ukweli tangu mwanzo. Dereva akasema mkaa haujawahi kulalamika. Wakili alimsifu dereva yule, na shangazi alikiri kwamba naye, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, alimsikia mtu mzima akisifiwa asione la kupinga.

Siku ya upasuaji shangazi alikaa uwanjani na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa na meno manne na aliyatumia yote kwenye tepu ya kupimia. Saa mbili na nusu zilipita. Shangazi aliniambia kwamba katika muda ule alimdharau kila aliyepita mbele yake: mfagizi kwa ufagizi wake, daktari mwanafunzi kwa viatu vyake, mawingu kwa kukaa bila kunyesha. Ilikuwa njia yake ya kuogopa. Daktari mkuu alipotoka, bado na kofia ya kijani kichwani, alisema tundu lilikuwa kubwa kama sarafu lakini kingo zake zilikuwa na afya, na kwamba sasa ni kusubiri siku kumi na nne na mpira, na maji mengi ya kunywa.

"Umeshona kwa mishono mingapi?" shangazi akamuuliza.

Daktari alishangaa, lakini akajibu. Shangazi akaitikia kidogo kwa kichwa. Kwa wanaomjua, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Siku ya kumi na nne mpira ulitolewa. Muuguzi mkuu aliweka kiti cha mbao katikati ya wodi, bila plastiki, bila kitambaa, akamwambia Wakili akae. Wakili akakaa. Alikaa akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Ikapita dakika moja, zikapita tano. Muuguzi akamwambia akohoe. Akakohoa. Akamwambia asimame. Alisimama, na kiti kilikuwa kikavu.

Wakili aligeuka. Alikipapasa kiti kwa kiganja, akakipapasa tena, kisha akamtazama shangazi. Shangazi akasema, "Haya. Sasa nenda chooni kama watu wengine," na akatoka nje haraka kwa sababu hakutaka kuonekana uso.

Mpaka hapo mambo yalikwenda sawa, na ningependa kusema yaliendelea hivyo. Lakini shangazi alikuwa ameshafanya mpango wake bila kumuuliza mwenyewe. Alinipigia simu akaniagiza nihamishe mitungi kutoka chumba cha nyuma na kuweka kitanda. Angekuja na binti na mtoto. Angemfundisha ushonaji. Binti ana mkono, alisema, na ana jicho, na ana ulimi wa kuwafukuza wateja wabaya.

Siku mbili baadaye mume akatokea. Habari za kiti kikavu zilimfikia upesi kuliko zilivyomfikia zile za banda linalovuja, ndivyo shangazi alivyosema, na alilisema mbele yake. Alikuwa kijana mrefu, vidole vimepasuka kwa saruji, shati lake limepigwa pasi na mtu asiyejua. Alisimama uwanjani kati ya kamba za nguo, akakohoa.

"Ndiye," Wakili akasema dirishani.

"Mwache akohoe mpaka mapafu yatoke," shangazi akasema.

Lakini Wakili alijifunga nguo yake vizuri, akatoka. Alimkalisha mume kwenye benchi, akamwita muuguzi mkuu aje aseme yote mbele yake: miezi sita bila kumkaribia, hakuna kubeba ndoo nzito, na mimba nyingine ikija atazaa kwa kupasuliwa, hospitalini, siku iliyopangwa, hata kama mama mkwe amezaa sabini juu ya mkeka. Kisha akampa mtoto ambebe. Mtoto akalia kwa kutomjua baba, na Wakili hakumpokea. Alimwacha mume wake ahangaike na kilio kile uwanjani kwa nusu saa, wagonjwa wote wakitazama na ndoo zao.

Shangazi aliitazama hukumu ile akaridhika sana. Akajua kesi imekwisha. Mchana wakati wa kukunja nguo akasema, "Sasa akishaondoka, tuzungumze safari yetu."

"Safari gani?"

Akamweleza. Chumba, kitanda, cherehani.

Wakili aliendelea kukunja. "Mimi narudi kwangu, mama."

"Kwako wapi? Bandani?"

"Nyumbani. Nyumba ile nilibeba maji ya kufyatulia matofali yake yote, na mimba tumboni. Nikiondoka atakaa nani humo? Mama yake. Siwezi kumwachia yule mwanamke nyumba yangu kwa sababu ya tundu lililokwisha zibwa."

"Na huyo mwashi?"

"Mwoga. Mwoga anaweza kumwogopa mama yake, anaweza kuniogopa mimi. Tutaona."

Shangazi alipandwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na makali yaliyonolewa miaka mingi. Alimwambia kwamba alikuwa amemdhania ana akili. Alimwambia kuna kuku wanaorudi wenyewe kwa mchinjaji na angalau hao hawakusoma. Alimwambia asije akamtafuta tundu likifunguka.

Wakili alisubiri mpaka akamaliza. "Unafanana na mwenyekiti wako," akasema. "Yeye alitaka picha yangu. Wewe unanitaka mzima mzima, uniweke dukani watu waone ulichookota. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza."

Hawakusemezana siku iliyobaki. Asubuhi yake Wakili aliondoka na mume na mtoto, na shangazi alikuwa ghalani akipiga cherehani kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka. Binti alisimama mlangoni, akaweka wembe wa kufumulia juu ya meza, akasema, "Huu wako," akaenda zake.

Shangazi alirudi nyumbani juma lile. Alikuwa amekonda. Alifungua duka, akawatukana wateja wake kwa nusu nguvu, mpaka wakaanza kuulizana kama anaumwa. Siku moja akiwa anapinda ukosi aliniuliza, "Mimi nilikuuliza kabla ya kukulea?"

"Nilikuwa na miaka minne, shangazi."

"Sikukuuliza miaka." Akarudia ukosi wake.

Mwisho wa mwaka Umoja wa Moyo Mwema ulichapisha kalenda. Mwezi wa sita ulikuwa na picha ya wodi. Mwenyekiti amesimama mbele ameshika gauni la waridi, na pembeni, akiwa ameinama juu ya kitanda, tepu shingoni, yuko shangazi. Chini yake waliandika: "Mmoja wa wanufaika wetu akipokea msaada." Nilidhani atakwenda kumvua mtu nguo kwa maneno. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hawajakosea sana," akaitundika dukani, mwezi wa sita, na haikubadilishwa tena.

Aliyepiga simu kwanza alikuwa Wakili. Alianza bila salamu, akimlalamikia mama mkwe aliyekuwa amehamia kwa binti yake kwa kususa, na kwa nini hakususa mapema. Shangazi akasikiliza. Akauliza kuhusu tundu. Liko salama. Akauliza kuhusu mwashi. Ameezeka lile banda upya, sasa kuku wanalala pakavu. "Na mimi nilikosea," shangazi akasema, haraka, kama mtu anayemeza kidonge. Wakili akasema simu inakwisha chaji, na kwamba kesho atapiga tena. Akapiga. Wakawa wanapigiana kila juma, na sehemu kubwa ya mazungumzo yao ilikuwa kuwasengenya watu ambao mmoja wao hajawahi kuwaona. Wakili alikuwa akiwapeleka wanawake wengine hospitalini, juu ya lori lile lile, wanne mpaka sasa. Mmoja alimtoa kwa nguvu jikoni kwa mume wake.

Baada ya miaka miwili na kitu mimba ikaja, na siku ya upasuaji ikapangwa. Shangazi alifunga duka, akavuka mpaka peke yake katika basi la kawaida. Alipofika hospitalini, Wakili alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji, na kwenye benchi nje alikuwa amekaa mwashi, na nafasi iliyobaki ilikuwa pembeni mwake tu. Shangazi akakaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mwashi alikuwa na furushi la nguo za mtoto mapajani, zimekunjwa vibaya.

"Mke wangu anasema hunipendi," akasema baadaye.

"Amesema kweli."

"Hata mimi, kwa lile la banda, sijipendi."

"Hilo ni juu yako," shangazi akasema. Lakini alilichukua furushi kutoka mapajani mwake, akalifungua, akaanza kuzikunja nguo upya, moja moja, akimwonyesha mkono wa nguo unavyokunjwa. Kijana akatazama kwa makini, kama fundi anavyomtazama fundi.

Muuguzi alipotoka kusema ni msichana na mama yake hajambo, mwashi alilia kwa sauti, na alilia vibaya, pua na mdomo pamoja. Shangazi akampa kitambaa kimoja cha mtoto. "Futa uso. Usimtokee mzazi hivyo. Kaa hapa, mimi naingia kwanza."

Alikaa. Shangazi akaingia. Wakili alikuwa amelala chali, midomo mikavu, mtoto kifuani. Akamtazama mgeni wake kutoka juu mpaka chini.

"Umenenepa," akasema.

"Na wewe umepauka," shangazi akajibu, akivuta kiti. "Nipe huyo nimwone."